Ufa Nyuma ya Cherehani

Chiriku hakupewa jina hilo bure. Alikuwa kidato cha tatu, na hakuna jambo lililompita bila kutaniwa, hata ufa uliopasua ukuta nyuma ya cherehani ya dada yake. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia, "na wewe unajua kushona tu. Utaupiga pindo?"

Mwashi aliyeukagua hakucheka. Kwa wiki nne aliupima kwa rula, akatia nukta kwenye karatasi ya grafu, akaziunganisha: mstari ulionyooka kama uzi, ukiishia milimita kumi na mbili. Ukifika ishirini, alisema, tokeni hata kama nguo iko chini ya sindano. Akaenda kazi ya mbali, karatasi akaiacha.

Dada, asiyejua grafu, akauliza wana muda gani. Chiriku akahesabu kwa kidole: miraba minne kulia, minne juu. Nne kwa nne, mteremko ni moja. Milimita moja kwa wiki, zimebaki nane, basi wiki nane. "Shona mpaka uote mvi." Dada akapokea sare za shule nzima.

Wiki ya nne tangu hapo ilimkuta Chiriku kwenye jaribio. Mwalimu alipita kati ya madawati akiwaonya wasome mhimili kabla ya kuhesabu miraba. Swali la pili lilikuwa grafu ya tangi: kila mraba wa wima, lita mbili. Kalamu ikamganda mkononi. Karatasi ya mwashi nayo, akakumbuka, ilikuwa na namba pembeni: mbili, nne, sita, nane. Kumbe mstari ulipanda nane, si nne. Nane kwa nne ni mbili. Milimita mbili kwa wiki: zile nane zilizobaki ni wiki nne tu.

Akatoka mbio, mwalimu akimwita.

Alimkuta dada kaupa ukuta mgongo, anashona. Alipomwambia watoke, dada hakuinua hata kichwa. Juzi tu aliambiwa na Chiriku kuna nyoka kwenye kapu la nyuzi, akapanda mezani bure.

"Nimebakiza mikono miwili. Kamtanie mwingine."

Chiriku akachukua rula, akaipeleka kwenye ufa. Ishirini kasoro nusu. Akamgusa dada begani. Cherehani ikanyamaza. Dada alimtazama usoni, akitafuta kicheko kama atafutavyo sindano iliyoanguka sakafuni. Hakukiona.

"Shika upande huo," alisema.

Walipoitua cherehani uani, Chiriku akakiri. "Nilihesabu miraba, dada. Namba zake sikuzisoma."

Dada hakumkaripia. Sare zilikuwa bado zinaning'inia ndani, kwenye ukuta uleule. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, na Chiriku akalikamata gauni lake kwa mikono yote miwili.