Bodi Isiyovuma

Kinyozi alikuwa akijiundia amplifaya ya kukuzia muziki dukani, na kilichomnyima raha ni bodi ya umeme. Ya kwanza ilivuma kama nyuki ndani ya mtungi. Akaichora upya kwa kalamu ya wino juu ya bamba la shaba: transfoma akaisogeza pembeni, njia za umeme akazifanya fupi na nene, kapasita za kuchuja umeme akaongeza mbili kubwa kama makopo ya dawa ya viatu. Alipoiwasha, mvumo haukuwapo. Spika ilitulia kidogo, kisha mwanamume akaanza kulia ndani yake.

"Huyo anapigwa mkanda," alisema mteja aliyekuwa kitini, uso umejaa povu.

"Waya," kinyozi alimsahihisha. "Mkanda haulii hivyo."

Duka lilipakana kwa ukuta mmoja na kituo cha polisi, na umeme wao ulitoka nguzo moja. Kinyozi alijaribu kuichuja ile sauti kwa kapasita nyingine. Ikazidi kuwa safi. Sasa hata jino lilisikika likidondoka sakafuni.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alivuka, utepe wa kupimia ungali shingoni.

"Huyo ni kitindamimba wangu. Wiki nzima wananiambia hawamjui."

Alikwenda kituoni. Wakamwambia hawamjui. Akarudi, akaketi kwenye benchi la wateja, na kila mwanawe alipoita "Mama!" aliitika, "Nipo, baba," huku akishona vifungo vya watu.

Alasiri inspekta alikuja kunyolewa ndevu. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Kinyozi alimpaka povu, akamwinua kidevu.

"Vijana wangu hawana subira," inspekta alisema, akisikiliza. "Wanapiga kama wanatwanga."

"Afande, huyo ni mwanangu," alisema fundi cherehani.

"Mama, kituoni hatuna mtu."

"Mama!" ikaita spika.

Wembe ulikuwa juu ya koo. Fundi cherehani alimkazia macho kinyozi. Kinyozi aliutazama mshipa ukipigapiga chini ya povu. Aliwafikiria wanawe, na ukuta ule mmoja. Kisha akanyoa mpaka chini, bila kumkwaruza.

"Bodi umeichora mwenyewe?" inspekta aliuliza, akijifuta.

"Mwenyewe, afande."

"Haivumi hata chembe. Yangu ya nyumbani inaniudhi. Nitengenezee kama hii."

"Sawa, afande."

Kesho yake sauti ya kijana ilikatika katikati ya neno. Ikafuata ndoo, ufagio, maji.

"Ongeza," fundi cherehani alisema.

Kinyozi akaongeza mpaka mwisho. Yalikuwa maji tu. Mama alikwenda kituoni kuomba mwili, akaambiwa hakuna mwili wa mtu ambaye hakuwapo. Kinyozi hakuweza kumtazama aliporudi. Alimwekea mto kwenye benchi.

Haukupita muda, mtu mwingine akaanza kupiga kelele ndani ya spika. Mwanamke mmoja, mwalimu, aliingia mbio, miguu mitupu, chaki vidoleni.

"Ni mume wangu!"

Fundi cherehani alisogea.

"Keti huku, mdogo wangu," alisema. "Huku unamsikia vizuri."