Baridi ya Kugawana

Jumamosi asubuhi dobi alikwenda kupeleka mashuka kwa mwalimu mkuu. Yalikuwa meupe, yamepigwa pasi na kukunjwa, yamefungwa ndani ya kanga kuukuu yasishike vumbi njiani. Aligonga mlango wa nyuma kama kawaida yake, akasikia sauti kutoka ndani ikimwambia asukume tu.

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi sakafuni kwenye ujia wa kwenda jikoni, bado yuko na gauni la kulalia. Alikuwa ameshika mkono wa mwanawe wa kwanza, yule aliyekuwa chuoni kabla unga haujamchukua. Kijana alikuwa kwenye arosto, ile hali inayomshika mtumiaji akiukosa unga: baridi katikati ya joto, kamasi, miayo isiyokwisha, na mifupa inayouma kana kwamba inasagwa. Alikuwa akitetemeka hadi visigino vinagonga sakafu.

"Shika ule mwingine," mwalimu mkuu alisema.

"Mwingine upi?"

"Mkono. Weka hayo mashuka, uje ushike."

Dobi aliweka mashuka juu ya meza, akajifuta viganja kwenye sketi, akaketi, akashika. Baridi ilimwingia kwenye kifundo cha mkono, ikapanda, ikafika begani, ikatulia hapo. Akapiga miayo. Machozi yakamtoka bila huzuni yoyote. Kijana naye akapunguza kutetemeka.

"Imekufika?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Imefika. Iko begani."

"Mimi sasa imebaki magotini. Nilipokuwa peke yangu ilikuwa mwili mzima. Usiachie."

Wakaita majirani. Alikuja muuguzi wa nyumba ya pili, akaja muuza matunda, akaja mwenyekiti wa mtaa na mkewe, na wengine waliosikia tu kwamba kwa mwalimu mkuu watu wanahitajika. Waliokosa mkono wa kijana walishika mikono ya waliomshika, mstari ukatoka ujiani, ukapita jikoni, ukaishia uani kwenye kamba ya kuanikia nguo. Baridi iligawanyika kwa haki, kila mtu akapata chake. Muuza matunda, aliyekuwa wa mwisho, alipata msisimko kidogo wa ngozi na aliendelea kupiga soga na mke wa mwenyekiti. Muuguzi alipima mapigo ya moyo ya mstari mzima, akasema yako sawa, na kwamba njia hii ni nyepesi kuliko ile foleni ya kliniki. Jioni kijana aliomba chai. Watu wakaenda makwao wakiwa na vipele vya baridi mikononi, wakala, wakalala. Walirudi kesho yake na keshokutwa, mpaka ikawa hakuna tena cha kugawana.

Mwenyekiti hakupenda jambo jema liende hivi hivi bila kamati. Akaunda kamati, na kamati ikaupa mpango jina: Mtaa Mikononi. Wakamshika binti wa mwenye duka la dawa. Wakamshika mpwa wa dereva wa lori. Dobi hakukosa hata mara moja. Alikuwa akizima pasi, anafunga duka lake la chumba kimoja, anakwenda kuketi penye nafasi. Siku nyingine baridi ilimkaa kwenye taya, siku nyingine sikioni tu. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo zamu yake itafika lini.

Maana naye alikuwa na wake. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mchoraji wa mabango, na watu walimwita Brashi. Karibu kila jina la duka lililoandikwa vizuri pale mtaani lilitoka mkononi mwake. Kisha akaanza unga. Aliuza brashi zake, akauza pasi ya dada yake, halafu mabomba ya maji ya majirani yakaanza kutoweka. Dobi alivumilia, akavumilia, mwisho akabadilisha kitasa. Tangu hapo Brashi alikuwa analala ng'ambo ya mtaro, kwenye baraza la kiwanda cha mikate kilichofungwa, yeye na wenzake. Dobi alimpelekea chakula, akakiweka kando yake na kuondoka upesi kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Katika mkutano wa kamati alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, na mdogo wangu je?"

"Yupi?" mwenyekiti aliuliza, ingawa dobi alikuwa na mdogo mmoja tu na kila mtu alimjua.

"Brashi."

Watu wakaangalia dari.

"Brashi analala ng'ambo ya mtaro," mwenyekiti alisema kwa upole. "Ng'ambo ya mtaro ni mtaa mwingine, mama. Mpango wetu ni wa wakazi."

"Nitamrudisha ndani. Atakuwa kwangu."

"Na ule mkono wake mrefu," muuza matunda alisema. Wachache wakacheka.

"Ndio huo huo ninaoomba mshike."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akasimama, akasema kwamba dobi ameshika watoto wa kila mtu, na kwamba yeye kwa upande wake hana hata la kufikiria. "Tutakuja, dada yangu. Wote." Watu wakapiga makofi. Ikapangwa iwe Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Dobi alivuka mtaro siku hiyo hiyo. Safari hii aliketi.

"Watakuja?" Brashi aliuliza.

"Wamesema."

"Nani kasema?"

"Wote."

"Wote ndio nani, dada?"

Dobi alimtajia mmoja mmoja. Brashi alisikiliza huku anakwangua rangi iliyobambuka ukutani kwa ukucha. Dada yake alipomaliza, Brashi alisema sawa, lakini kwa sauti ya mtu anayekubali kwa ajili ya mwenzake.

Jumapili alikuja mwenyewe, hajagusa kitu tangu jana yake, kijasho kimeshaanza kumtoka kwenye mdomo wa juu. Dobi alikuwa ameondoa meza ya pasi, ametandika godoro, amepanga mabenchi ya kuazima kufuata kuta, mengine ameyaweka nje mlangoni kwa ajili ya wale ambao wangekosa nafasi. Alimshika mdogo wake mkono wa kulia. Hakuwa amemshika kwa muda mrefu, na kiganja kilikuwa kigumu kuliko alivyokikumbuka. Baridi ikaja moja kwa moja, haikuchagua bega wala taya.

Mwenyekiti alituma ujumbe kwamba amepata msiba wa ghafla upande wa shemeji. Mwalimu mkuu alituma mablanketi mapya, mazito, na maneno kwamba mwanawe bado ni dhaifu na hawezi kumwacha peke yake, lakini yuko nao kwa roho. Muuguzi alikuja kweli. Alishika mkono wa kushoto, arosto ikamkamata mgongo mzima, akang'ata meno, akakaa mpaka saa yake ya kuingia zamu ilipopita, kisha akaomba radhi na kwenda zake, ameshikilia kiuno. Muuza matunda alifika mlangoni. Aliyaangalia mabenchi matupu kwa muda.

"Naona bado," alisema. "Nitarudi watu wakishafika."

Baada yake walipita wengine. Wengine walichungulia, wakaona hakuna watu, nao wakasema watarudi watu wakishafika. Dobi aliwasikia wakisalimiana vizuri tu kule nje, kila mmoja anarudi kwake.

Wakabaki wawili, nusu kwa nusu. Dobi hakujua kwamba nusu ni kubwa namna ile. Nyonga zilimuuma kama siku aliyojifungua, na kamasi zilimtiririka bila mkono wa kuzifuta, kwa kuwa mmoja ulikuwa kwa mdogo wake na mwingine alikuwa ameukalia usitetemeke.

"Achia, dada," Brashi alisema.

"Nyamaza."

Alasiri wakaja watu wa barazani. Mbele alikuwa Mrefu, mtu wa miraba minne zamani, sasa urefu tu ndio uliobaki, na nyuma yake wenzake wa pale kiwandani. Waliuliza kama ni kweli inashikwa mikono. Dobi aliwaambia waingie, waketi. Wakaketi kwenye mabenchi, wakashikana, mduara ukafunga.

Lakini hawa nao kila mmoja alikuja na yake. Arosto zote zikaingia kwenye mduara, zikachanganyika, zikagawanywa kwa haki ile ile, na dobi, aliyekuwa na nusu ya mtu mmoja, akapata fungu lililo zito kuliko hiyo nusu. Mabenchi ya kuazima yaligongana na ukuta.

Mrefu akasema anatoka kidogo kujisaidia. Alikawia. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, kope nzito, uso umelegea kama wa mtoto aliyenyonya akashiba. Akaketi palipokuwa na nafasi, upande wa pili wa dobi, akamshika mkono.

Ikaingia hapo, na haikuwa baridi. Ilianza vidoleni, ikawa ya vuguvugu, ikapanda bila haraka, na kila ilipopita maumivu yalihama. Magoti ya dobi, yaliyokuwa yakimsumbua tangu aanze kazi ya kusimama, yalinyamaza. Chumba chote kilikuwa kama kimepigwa pasi, hakuna mkunjo hata mmoja. Akaikumbuka siku aliyobadilisha kitasa, Brashi akiwa nje anagonga kwa kiganja wazi, anamwita kwa jina la utotoni, na kumbukumbu ile, ambayo kila siku ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haikumuuma hata kidogo. Aliitazama tu kama picha ya ukutani kwa watu.

Mdogo wake alikuwa anamwangalia. Na yeye lilikuwa limemfika fungu lake.

"Sasa umejua," alisema, bila ubaya.

"Nimejua."

Alijua pia kwamba inampasa auachie mkono wa Mrefu. Aliwaza atauachia sasa hivi. Aliwaza hivyo mara nyingi, bila kujilaumu, huku mwanga wa dirishani ukisogea sakafuni na kupanda ukuta wa pili. Mwishowe aliuvuta mkono wake kwa nguvu, kama mtu anayeutoa kwenye maji ya moto, na baridi ikarudi yote.

"Nendeni," aliwaambia. "Naombeni mwende."

Hawakubisha. Walisimama, wakamshukuru kwa mabenchi. Brashi naye akainuka. Alilikunja blanketi la mwalimu mkuu vizuri, kona kwa kona, akaliweka juu ya godoro.

"Wewe sikukwambia uende," dobi alisema.

"Najua."

"Basi kaa. Tutaanza upya kesho. Nitawafuata majumbani mwao, mmoja mmoja."

"Nikikaa hapa, dada, wewe ndiye utakayemfuata Mrefu."

Dobi aliufutia kwenye sketi mkono ule aliokuwa ameshikwa na Mrefu. Brashi alingoja kidogo kama kwa adabu, kisha akatoka, akawafuata wenzake kuelekea mtaroni.

Mpango uliendelea na ukasifiwa. Wageni kutoka mitaa mingine walikuja kujifunza, wakaonyeshwa ujia wa kwa mwalimu mkuu na namna ya kupanga mstari. Mwenyekiti aliwaeleza kwamba kwa sasa mtaa hauna teja hata mmoja, na kwa jinsi mipaka ilivyopita alikuwa anasema kweli. Dobi bado aliitwa na bado alikwenda, kwa sababu mtoto aliye sakafuni hana kosa. Siku moja alijikuta ameketi karibu na mwalimu mkuu.

"Tulisikia ile Jumapili mlikuwa wengi," mwalimu mkuu alisema.

"Tulikuwa wengi."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi."

Siku hizi, kabla ya kufungua duka, dobi huvuka mtaro. Huketi kwenye baraza la kiwanda upande wa kulia wa mdogo wake, akamshika mkono, akachukua nusu yake. Mrefu akimwona anakuja huweka mikono yote miwili mfukoni, kwa heshima. Nusu hiyo haimponyi mtu. Humpa Brashi asubuhi moja ya kukaa alipo bila kwenda kutafuta, na mchana huja na mambo yake.

Mwenyekiti hupita hapo akienda ofisini. Juzi alisimama, akawasalimu, akaiangalia mikono yao iliyoshikana. Dobi akasogea kidogo, pakawa na nafasi.

"Suruali yangu ya kijivu," mwenyekiti alisema. "Nitaipata leo?"

Meno ya dobi yalikuwa yanagongana, jibu likachelewa.

"Mwambie kesho, dada," Brashi alisema. "Leo utaiunguza."

"Kesho, mwenyekiti."

"Kesho ndiyo kuna mkutano. Tunazungumzia haya mabaraza, watu wanaolala ovyo." Aliangalia saa. "Basi nitaichukua jioni hivyo hivyo, hata ikiwa na mikunjo."

Akawatakia asubuhi njema, akaruka mtaro kwa uangalifu asichafue viatu. Dobi alibadilisha mkono, maana ule wa kwanza ulikuwa umekufa ganzi, wakaendelea.