Pumzi Kabla ya Neno

Msomaji mpya, mama wa makamo asiyependa mzaha kazini, alivua hedifoni akauliza ni nani mwingine yumo chumbani.

Chumba cha kurekodia kilikuwa na kiti kimoja, meza moja na sponji nene ukutani. Saa nne asubuhi, nje jua limejaa. Fundi sauti alimjibu kutoka upande wa pili wa kioo kwamba hakuna mtu, kisha akajifanya anahangaika na nyaya. Kosa lake alilijua vizuri.

Walikuwa wakiwarekodia wanafunzi kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili: neno, maana, mfano. Kila msomaji huanza kwa kukaa kimya nusu dakika, mitambo ikinasa ukimya wa chumba, ili uzibe mapengo baina ya maneno. Fundi hakutumia ukimya wa mama huyu. Alitumia wa marehemu mkewe, msomaji wa kwanza. Siku yake ya mwisho kazini mkewe alinyamaza nusu dakika, akavuta pumzi asome neno echo, kikohozi kikamkaba. Akasema watamalizia kesho. Miezi saba sasa fundi alikuwa akilikwepa neno hilo kwa kila kisingizio, maana likisomwa na mwingine, mkewe atakuwa ameondoka kabisa.

"Kaka, kabla ya kila neno langu kuna mtu anavuta pumzi," mama alisema. "Anataka kusema kitu. Mbona humpi nafasi?"

Fundi akamweleza yote, akitarajia kufokewa. Mama alikaa kitako, akaomba karatasi yenye neno lile.

"Kwingine kote futa. Hapa mwachie avute, mimi nitapokea."

Mama akasoma: echo, mwangwi, sauti inayorudi baada ya kugonga ukuta au mlima. Niliita bondeni, mwangwi ukanijibu.

Walisikiliza pamoja kwenye mitambo, bega kwa bega. Kabla ya neno hapakuwa na pumzi. Fundi alikagua mitambo, hakuna kilichofutwa. Likapita neno, maana, mfano. Kisha, taratibu, mtu akashusha pumzi.

"Hiyo si yangu," mama alinong'ona.

Fundi alijua ni ya nani. Kwa miaka kumi na tisa aliisikia kando yake kila siku, kabla tu ya usingizi kumchukua mkewe.