Kanga ya Sher Shah

Shuleni kwetu Rayners Lane, ukitaja Uhindi ya zamani, basi ni Taj Mahal. Kwenye maonyesho ya mwaka huu zilikuwapo tatu: ya maboksi, ya sabuni, na ya rafiki yangu Amisha, ya vipande vya sukari, mnara mmoja umeshaliwa. Na nani? Usiniulize.

Mimi nilichora kanga, ya kitambaa hasa. Katikati kaburi la Sher Shah Suri: pembe nane, kuba kubwa, maji pande zote. Mpashtuni huyu alimtimua Humayun, mfalme wa Wamughali, ukoo uliokuja kuijenga Taj Mahal, mpaka Uajemi, kisha akaitawala Uhindi miaka mitano tu. Chini nikaandika jina la kanga: MLIOMKIMBIA MSIMFUTE.

Mwalimu Marion akaja na lebo: "Sanaa ya Wamughali."

"Huyu si mtu wao, Mwalimu. Huyu ndiye aliyewakimbiza."

"Najua, Hussam. Lakini wageni wanalijua jina hilo. Lebo ibaki, au kanga ishuke. Na isipotundikwa sina cha kukupa alama."

Alama zenyewe ndizo za kuniingiza chuo cha sanaa.

Amisha akaninong'oneza, "Kubali, bwege wee! Keshakufa zamani, hatakushitaki."

"Na Taj Mahal yako tuiite Big Ben?"

Nikapanda kiti, nikaishusha kanga yangu.

Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia, katoka kazini kulea wazee. Nilipomweleza, akaguna Kipemba. "Kanga gani hiyo ya kupigiliwa ukutani? Hebu ilete."

Akavua koti, akajifunga, jina likakaa sawasawa nyuma. Akaanza kuuzunguka ukumbi polepole, kama mwenye harusi yake.

Bibi yake Amisha, Bi Indu, mzaliwa wa Tanga, akalisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika kiuno. Akawatafsiria wazungu.

"Walimkimbia nani?" wakauliza.

Nikaeleza. Wakamfuata Mama msururu mzima. Amisha akabaki peke yake na sukari yake.

Mwalimu Marion akanijia na kalamu. "Hussam, siwezi kuipa alama nguo iliyovaliwa na mtu."

"Basi niandikie sifuri. Ila jina la kanga na la mwenye kaburi uyaandike kamili."

Akaandika sifuri kweli. Kisha nikamtajia, herufi moja moja, Sher Shah Suri, naye akiandika, na Mama amesimama mbele yake kampa mgongo, anakili na jina la kanga.