Saa Mbili ya Xavery

"Boma hata moja sijaruka! Sitini na tatu, kwa miguu yangu hii," Xavery alimwambia nesi Fausta, akimkabidhi daftari kama nahodha anayekabidhi kombe.

Kazi yenyewe ilikuwa kupita kijiji chote cha Gendabi na kuwauliza kina mama kliniki ya mkoba ya watoto, ile inayowafuata kijijini kila mwezi, ianze saa ngapi. Daftari zima lilijibu kwa sauti moja: saa mbili asubuhi. Nesi alimsifu. Wiki nzima Xavery alitembea kifua mbele, jogoo aliyesahau kuwa naye ni kitoweo.

Siku ya kliniki wake za wakulima walijaa mapema, watoto wakachanjwa, wakapimwa uzito. Saa nane mchana kina mama wachache walikuwa bado wanapiga soga na nesi anafungasha mzani wake ndipo Mama Qamara alipotokea upande wa malishoni, mtoto mgongoni, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, mama," Xavery aliwahi.

"Marahaba."

"Umechelewa, mama yangu," alisema nesi Fausta. "Chupa ya chanjo ya surua ikishafunguliwa asubuhi haingojei. Nimeshaimwaga. Mpaka mwezi ujao."

"Mwezi? Na mtoto wa jirani ana vipele tangu juzi?"

Nesi alifungua daftari, uso umembadilika. "Lakini saa mlichagua wenyewe. Hii hapa: Mama Qamara, saa mbili."

"Mimi? Saa mbili nakamua! Nikitoka hapo nafuata maji, nikirudi jua liko kichwani. Nani alinichagulia?"

Macho yote yakamgeukia Xavery. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno.

"Mama, umesahau tu. Tulikaa pale mlangoni, ukanipa na maziwa kwenye kibuyu. Matamu kweli!"

Mama Qamara alifungua fundo la shuka yake, akatoa kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kushoto, kisigino kimetafunwa na ndama. Xavery aliitambua kabla haijatoka yote. Nyumbani alikuwa amesema imechukuliwa na maji mtoni.

"Nilikuwa zizini siku ile. Nilikuona," alisema mama yule. "Ulifika kwenye lango la miiba, mbwa akabweka mara moja. Mbwa mwenyewe mzee, hana jino. Nikakuita, 'Rudi, mwanangu, haumi!' Ulikuwa umeshafika barabarani, unachechemea."

Kina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Siku nyingine Xavery ndiye angecheka kuliko wote. Mama Qamara hakucheka. Aliinama, akaiweka kandambili mbele ya miguu ya Xavery.

"Na wenzangu wa kule malishoni, uliwauliza?"

Xavery alitazama chini.

"Hapana, mama."

Nesi Fausta alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, haandiki. Mama Qamara alimweka sawa mtoto mgongoni, akakaza kanga.

"Basi niambie wewe unayejua saa zangu. Mwezi mzima huu, huyu nimfiche wapi?"