Babula ya Maman Christine

Asubuhi za Bukavu, jua likiwa bado halijachomoza, moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, hutoka katika kila ua wa mtaa wa Kadutu, ukapanda mlima polepole na kuchanganyika na ukungu wa ziwa, hata mtu asijue mbingu inaanzia wapi. Wako wanaouita uzuri. Carine Bulonza aliuita kazi. Binti huyo, mtafiti ndiyo kwanza anaanza, alikuwa amezigawia familia za mtaa mmoja masufuria ya umeme, na kila babula, lile jiko la makala la nyumbani, akaifungia kipimo kidogo cha joto kinachomletea habari kwenye simu. Mstari ukipanda, makala yanawaka. Mstari ukilala, watu wanapikia umeme. Basi kila alfajiri alikaa kitandani, nusu macho nusu usingizini, akiitazama mistari ikilala mmoja mmoja, na akauona mji mzima unaamka bila moshi, mlima umenawa uso. Raha iliyoje!

Isipokuwa nyumba moja. Kwa Maman Christine mstari ulipanda kila alfajiri, na umeme upo. Hapo ndipo Carine alipoogopa zaidi, maana mume wa mama huyo, Papa Mushagalusa, mzee kipofu, alikuwa na kifua kibovu, na daktari alishasema wazi: moshi huu ukiendelea, mzee hamalizi mwaka.

"Leo nakwenda kumkaripia," akajisemea Carine. Amkaripie mtu wa rika la mama yake? Thubutu! Alipofika kule juu, pumzi zimemwishia, viatu vimejaa tope, yaliyomtoka yalikuwa ya adabu tupu.

"Maman, courant ya umeme iko. Sufuria iko. Juu ya nini unawasha tena babula?"

Maman Christine akainamisha kichwa. "Mutoto yangu, sufuria yako iko muzuri, lakini iko bubu. Papa haoni jua. Akisikia napepea moto, njo anajua kumekucha. Ile juma ya kwanza niliacha babula. Alilala mpaka saa sita, akaamuka analia, eti huu usiku hauishe."

"Lakini ule moshi utamumaliza, maman."

"Najua."

Chuoni walimfundisha Carine kupima joto, kupima moshi, hata maji ya maharage. Asubuhi ya mtu hakuna aliyemwonyesha inapimwaje. Wakalia wote wawili pale mlangoni, kimya kimya, mzee asisikie.

Kesho yake mstari wa Maman Christine haukupanda. Ulilala, umenyooka kama uzi. Mstari ule Carine alikuwa ameuota miezi na miezi, na sasa alipouona akaruka kutoka kitandani. Mzee amekufa, hakuna tena wa kuamshwa! Hakujifunga hata kitambaa. Alipanda pikipiki hadi sokoni, akashuka, akakimbia njia ya mlima iliyobaki huku akiomba, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Hakukuta kilio. Alimkuta Maman Christine amechuchumaa mbele ya babula, mfuniko wa ndoo mkononi, anapepea kwa nguvu zote, vuu, vuu, vuu. Ndani ya babula hamkuwa na kaa hata moja. Pembeni, sufuria ya umeme ilikuwa inaivisha uji bila kelele. Maman akaweka kidole mdomoni, macho yakimsihi Carine asitoboe siri, kisha akaingia ndani kutafuta vikombe.

Mzee alikuwa hapo nje kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye babula, anavuta pumzi ndefu bila kukohoa.

"Ni weye, Carine?" akanong'ona. "Karibu. Usimwambie Christine."

"Nisimwambie nini, Papa?"

"Kama najua babula iko baridi. Moshi haiko, hata harufu haiko." Akacheka kidogo. "Eti niko nasikilizaka moto! Moto ya nini? Nilikuwa nasikilizaka yeye."

Maman Christine akarudi na vikombe, akachuchumaa, akapepea tena.

"Kumekucha, bwana yangu."

"Nimesikia," akajibu mzee, akanyoosha mkono apewe uji.