Madigadi ya Kushoto

Jumatatu moja ya Julai 1996, msimu wa pamba ukiwa umeanza kuchanganya, Magese, mnunuzi wa pamba, aliingiza Pijo 404 yake kwenye gereji ya Januarius, fundi rangi wa Bariadi. Madigadi ya kushoto ya mbele ilikuwa imebonyea, na rangi imebanduka sehemu yenye upana wa sinia.

"Ndama," alisema Magese.

"Sawa, mzee," alisema Januarius, akaenda kuchukua nyundo.

Mji mzima ulijua kwamba hakukuwa na ndama. Siku nane kabla ya hapo, Jumapili, Felisita, binti wa Nyanjige wa Ngulyati, alikuwa akitembea pembeni mwa barabara kwenda misani, amevaa gauni la kwaya. Magese alikuwa akikimbilia Kasoli afungue mizani kabla ya wanunuzi wengine. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika tu, na ushirika haukuwa na wa kushindana naye. Sasa kila mwenye mizani na turubai alikuwa mnunuzi. Felisita alizikwa Jumanne. Alhamisi askari mmoja aliandika kwenye karatasi kwamba gari liligonga ndama, na kwa kuwa karatasi ilisema ndama, Nyanjige aliitwa akaonywa asiache mifugo barabarani. Hakuwa na mifugo. Aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa.

Januarius alinyoosha bati, akapaka pati ya kusawazisha, akapiga msasa wa maji, kisha rangi ya chini, praima. Halafu akaanza kutafuta rangi. Pijo ile ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya njiwa, lakini gari lililokaa juani miaka thelathini lina rangi nyingi. Chini ya mfuniko wa buti bado ni kijana, juu ya paa ni mzee, na madigadi ni mtu wa makamo. Fundi asiyejua hilo huchanganya rangi ya kiwandani, na kiraka chake huonekana toka ng'ambo ya barabara. Januarius alijua. Alipaka tone kwenye kipande cha bati, akasubiri likauke, akalisogeza kwenye madigadi, akaongeza nyeusi kidogo, akapaka tena. Tone la saba lilipotea kabisa kwenye mwili wa gari. Akaipuliza kwa kompresa.

Asubuhi kiraka kilikuwa cha waridi. Si waridi lolote. Lilikuwa lile la ua la pamba siku ya pili, likishaacha weupe wake na kabla halijanyauka. Wanakwaya wa Ngulyati walivaa magauni ya rangi hiyo, kutoka kitambaa cha mwisho kilichouzwa kabla kiwanda cha nguo hakijafungwa.

Januarius alikwangua. Unga ulioanguka chini ulikuwa wa rangi ya njiwa. Akapuliza tena, na kesho yake ikawa vilevile. Mara ya tatu akamwita Magese.

"Haiendani," alisema Magese.

"Haiendani, mzee."

"Umeweka nyekundu?"

"Sijaweka."

Magese alilipeleka gari Mwanza, kwa Mhindi mwenye mashine ya kupima rangi. Lilirudi baada ya siku nne, likiwa na risiti na kiraka cha waridi. Njiani lilisimamishwa na yule askari aliyeandika karatasi. Aliinama, akakitazama kiraka, akasema ni rangi nzuri, ila ingependeza zaidi kama gari lote lingekuwa hivyo.

Magese aliliona hilo kuwa neno la busara.

"Paka lote," alimwambia Januarius. "Lifanane na hapo. Na usinikosee, maana uwanja huu kuna watu wawili wanautaka."

Uwanja wa gereji ulikuwa wa Magese. Januarius alikuwa na mke na watoto watano, na kompresa iliyofungwa kwa zege kwenye uwanja huo.

Tatizo lilikuwa sampuli. Kiraka kikikwanguliwa kiligeuka unga wa rangi ya njiwa, na ukibandika tone juu yake, jicho lilidanganywa na rangi ya pembeni. Baada ya mazishi wanakwaya walikuwa wameyakunja magauni yao na kumkabidhi padre, na padre alisema hana ufunguo wa kabati. Januarius alipanda baiskeli hadi Ngulyati. Nyanjige alikuwa amekaa mlangoni akichambua pamba, nyeupe huku, yenye madoa kule.

"Mwadila, mayu," Januarius alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibu."

Alikaa. Walizungumza kidogo juu ya mvua, kisha akamwambia alichofuata.

"Gari lile?" aliuliza Nyanjige.

"Lile."

"Limekataa rangi yake?"

"Limekataa. Limeshika ya gauni la Felisita. Hapo tu, alipogongwa."

Nyanjige aliendelea kuchambua.

"Basi lipelekwe polisi lilivyo, wakaone."

"Wameona, mayu. Wamesema ni nzuri."

Mwanamke alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitambaa, masalio ya kukatia mikono ya gauni. Alikifungua juani kwa mikono miwili.

"Ni hii kweli? Nisije nikawa najidanganya."

Januarius alitazama. "Ni hii," alisema.

"Ukipaka lote, hapo alipogongwa hapataonekana tena."

"Hapataonekana."

"Basi sikupi."

Akakikunja, akakiweka kifuani. Januarius alisema amesikia, akaaga. Lakini alikuwa fundi mzuri kuliko wote toka Maswa hadi Lamadi, na jicho lake halikuhitaji kushika kitambaa. Alikanyaga baiskeli njia nzima akihesabu kwa sauti ndogo asisahau: nyeupe kumi na moja, nyekundu mbili, manjano nusu, kahawia tone. Mara mbili alitaka kusimama ili hesabu ivurugike. Hakusimama.

Gari lilipendeza. Magese alilizunguka akicheka, akawaazimisha watu wawili walipeleke harusini. Kabla Agosti haijaisha, wanunuzi wengine walileta malori yao yapakwe waridi lilelile, na wakulima wa Kasoli walijifunza kuyatambua kwa mbali.

Siku ya gulio Nyanjige alikuja mjini. Pijo ilikuwa imeegeshwa mbele ya ghala. Aliizunguka polepole, akipapasa bati kwa kiganja kama mtu anayetafuta uvimbe kwenye tumbo la mtoto. Kisha akavuka barabara hadi gereji.

"Baba, nionyeshe ni wapi."

Januarius alikwenda naye. Aliinama kwenye madigadi ya kushoto, akatazama kwa pembeni, juani na kivulini, kama alivyotazama maelfu ya magari. Hakuona mpaka wowote. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote.

"Hapa," alisema, akiweka kidole popote.

Nyanjige aliweka kiganja pale. Alisimama hivyo, macho ameyafumba, mpaka Magese alipotoka ghalani na funguo, akamwomba kwa adabu asogee, kwa kuwa alikuwa anachelewa.